Kuhama kwa Waya, Tundu Moja Upande wa Kulia

Wekeni vikombe chini, enyi mnaodhani vita vikuu vilikwisha zamani! Niwasimulie Fundi Mitambo, Simba wa Chumba cha Kiyoyozi, na siku aliyoitikisa dunia kwa vidole viwili.

Nuru inayobeba mawasiliano ya hospitali ya mji wa pili ilifika kituoni kwake ikiwa na rangi ambayo, kwenye uzi wa kioo wa kuendelea mbele, ilikwisha kukaliwa na nuru ya benki. Fahali wawili hawakai zizi moja, wala nuru mbili za rangi moja hazipiti uzi mmoja. Basi shujaa akafunga kadi ya kuibadili rangi, akaenda kulala kifua mbele. Asubuhi hospitali haikupata hata chembe ya mawasiliano.

Na humo hospitalini aliketi mama mkwe wake, jicho limeingia ukungu, akisubiri daktari bingwa wa mbali amwone kwa video.

“Mkwe,” alinguruma kwenye simu, “daktari anaondoka saa tano. Miadi hii nimeingoja mwaka mzima. Nikiikosa, usikanyage kwangu.”

Shujaa akamwendea bosi, akapaza sauti: “Ee Mkuu! Kiwanda kimetusaliti! Kadi imeanguka vitani! Walete wataalamu, ije kadi mpya!”

“Waya umeangalia?” akauliza bosi, macho kwenye simu.

“Waya!” Shujaa akacheka kwa dharau, akaenda kuangalia ili tu amwaibishe bosi.

Akapiga magoti mbele ya kabati la mitambo. Kadi ilitoa rangi namba thelathini na nne. Waya ulikuwa tundu la thelathini na tatu, na kila tundu hupitisha rangi yake tu, nyingine halitaki hata kuzisikia. Nani aliuchomeka humo? Wanahistoria wanabishana mpaka leo, ingawa jana yake chumbani aliingia mtu mmoja tu.

Akatazama nyuma. Hakuna mtu. Akachomoa, akauvusha waya bonde lenye upana wa ukucha, akauchomeka tundu la jirani. Tak! Taa nyekundu ikasalimu amri, ya kijani ikatawazwa.

Saa tano kasoro simu ikalia.

“Daktari kaniona,” mama mkwe akasema huku analia. “Jicho litapona. Mlikuwa mnapambana na nini huko, mwanangu?”

Mwanangu! Tangu aoe hajaitwa hivyo. Akafurahi, furaha ya kweli, kisha akajibu kwa unyenyekevu uwafaao washindi:

“Hujuma, mama. Lakini mhalifu tumeshamdhibiti.”

Wodi nzima, iliyokuwa ikisikiliza kwa spika ya simu, ikapiga vigelegele, na ushindi ule ukaingia katika historia bila kuulizwa swali hata moja.