Kingo za Jangwani Zitakutana Zenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Maalumu ya Kuunganisha Kingo za Bonde. Mashehe na wachungaji wetu. Wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga maduka kwa hiari baada ya kuamriwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, ya safu ya mbele.)

Nimekuja kumjibu Bi Anifa, ambaye juzi jeneza la mama yake lilingoja maji ya Bonde la Jangwani yapungue tangu adhuhuri hadi magharibi, naye akauliza li wapi daraja letu la waenda kwa miguu.

Ndugu zangu, katika mchakato wa upembuzi yakinifu, wataalamu wamebaini kuwa zamani mabara yote yalikuwa bara moja, Panjea, na kabla yake yalikuwepo mengine, yakiungana na kuachana kama wanandoa wasio na mshenga. (Vicheko.) Yamejulikanaje? Chukueni doti ya kanga: ikatwe, kipande kimoja kiende Ilala na kingine Mbagala, fundi akivikutanisha ataona ua lilipokatika. Ndivyo miamba ya Afrika inavyolingana na ya Amerika Kusini, na mifupa ya wanyama wale wale imo pande zote mbili. Tena mwamba ulipopoa ulihifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia, kama kaburi kuukuu linavyokuonyesha kibla hata kama aliyelichimba hayupo.

Kwa mujibu wa data, mabara husogea kwa kasi ya ukucha unavyoota, na baada ya miaka milioni mia mbili na hamsini hivi yatashikana tena. Je, ni busara kujenga daraja ilhali nchi kavu yenyewe iko njiani?

(Mzee Bushiri, mpagazi wa sokoni: "Mheshimiwa, mbona mwalimu alisema huku kwetu Bonde la Ufa ndiyo kwanza linapanuka?")

Kupanuka, mzee wangu, ni awamu ya kwanza.

(Bi Anifa: "Na awamu ya pili maiti watavuka wenyewe?")

Swali zuri, mama. Litapelekwa kamati ndogo. Subira!

(Safu ya mbele: "Yavuta heri!")

Ukingo mmoja!

(Safu ya mbele wanatazamana.)

Nahitimisha kwa kumshukuru mkandarasi, ambaye hatukumteua, na mhandisi, ambaye hakuchora. Na kwa namna ya pekee wanaume wanne waliojitosa majini hadi vifuani asubuhi hii, wakanivusha nimeketi juu ya jeneza la msikiti, lile lile lililombeba mama yake Bi Anifa, ili nifike kuzindua daraja.

(Umati mzima, kwa sauti moja: "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.")