Springi Chini ya Ulimi

Wenceslaus wa Chemchem hakuwahi kuiba kitu. Alikuwa akivisaidia tu vitu kubadili wamiliki. Siku hiyo, akinunua chumvi dukani kwa Mama Shahida, macho yake yalipanda hadi rafu ya juu, yakatua kwenye treni ya kuchezea ya chuma, yenye mota, iliyoachwa na marehemu Kassamali, mume wa mama huyo. Katika gesti ya jirani alikuwepo mnunuzi wa vitu vya kale, aliyeahidi bei ya pikipiki mbili kwa treni ya namna ile, mradi itembee. Na jioni hiyohiyo alikuwa anaondoka.

"Shikamoo, mama. Mimi fundi mota. Treni ile naiona naionea huruma."

"Marahaba, mwanangu. Haitembei siku nyingi. Itengenezee hapahapa, nikuone."

Akatandika kipande cha kanga juu ya kaunta. Akafungua skrubu, akazipanga kwenye kisahani cha chai. Akatoa mota, ndogo kama kiberiti. Akachomoa nywele za paka zilizojisokota kwenye ekseli, akafuta grisi iliyoganda kama asali ya mwaka juzi, akasugua shaba kwa pamba na mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Kazi nzuri kabisa, na hilo ndilo la kusikitisha: mkono ule ungeweza kumlisha kihalali.

Vikabaki vipande viwili vya kaboni, kila kimoja na springi yake nyembamba, ya kukisukuma kiguse shaba. Springi ikikosekana, mota haizunguki. Mama Shahida alipogeuka kumpimia mteja sukari, springi moja ikahamia chini ya ulimi wa Wenceslaus.

Akafunga, akaunganisha waya. Kimya.

"Imekufa, mama. Niachie nikakuzikie."

"Kumbukumbu ya mume wangu haiondoki bure. Nipe pikipiki yako ile pale nje."

"Pikipiki kwa chuma chakavu?"

"Chuma nakupa bure. Pikipiki ni ya kumbukumbu."

Wenceslaus akakumbuka bei ya pikipiki mbili. Akaweka ufunguo na kadi ya pikipiki kwenye kaunta.

"Basi tule kashata," alisema Mama Shahida.

Katika duka lile, tangu enzi za baba mkwe, mapatano hayakuwa mapatano mpaka pande zote zitafune kashata na kunywa kahawa. Asiyekula amejitoa.

"Jino linaniuma, mama."

"Basi chukua ufunguo wako, treni irudi rafuni."

Akatia kashata mdomoni. Akatafuna upande wa kushoto, springi akaihifadhi kulia. Angefaulu, ila kahawa ilikuja ya moto, na kahawa ya moto haijui kushoto wala kulia. Ilishuka na kila kitu, springi ikiwemo.

Wenceslaus akatoa macho.

"Mama, tuvunje mapatano."

"Umeshatafuna."

"Lakini treni yenyewe mbovu!"

"Si umeniambia mwenyewe? Nikakuamini."

Akafika mlangoni na treni kwapani. Mama Shahida akamwita, akamkabidhi papai bivu.

"Kula na mbegu zake. Marehemu naye alipenda kushikilia springi mdomoni akiifungua treni hiyo. Siku mbili itatoka, mwanangu, ukiwa na bahati."

Wenceslaus alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, maana hata tapeli ana malezi.