Futi Sitini na Nne hadi Mtoni

Jumanne, 1 Juni 1971
Mimi Wamae, mwalimu wa Kiswahili, leo ni mwalimu wa Fizikia pia! Aliyekuwa akilifundisha amehamia Nairobi. Theuri wa Historia alilitaka somo hilo. Nikamwahi. Anasema ati sijui lolote. Wivu! Nimesoma kurasa tatu za kitabu. Sikuelewa hata moja. Na mkaguzi anakuja Ijumaa.

Jumatano, 2 Juni
Mbinu! Nimeangusha jiwe kutoka daraja letu. Sekunde mbili, likagusa maji. Nikawatajia Kidato cha Pili sekunde hizo, nikawauliza: kutoka darajani hadi majini ni futi ngapi? Jibu litakalotolewa na wengi, nitalitangaza kuwa sahihi. Majibu thelathini, yote tofauti! Kagure, binti wa muuza viazi wa Karatina, kasema futi sitini na nne, bila kusita. Theuri alikuwa anachungulia dirishani. Nikampa Kagure sufuri, Theuri aone nilivyo mkali.

Alhamisi, 3 Juni
Kagure kanishtaki kwa mwalimu mkuu! Kwa heshima, lakini kanishtaki. Theuri kashauri twende tukapime. Darasa zima likateremka darajani na kamba ya ng'ombe. Tukaishusha mpaka ikagusa maji, tukaivuta, tukapima. Futi sitini na nne.
Nilibaki kinywa wazi. Msichana, penseli, kipande cha karatasi, na amelifikia bonde bila kushuka! Kumbe kila kiangukacho kina hesabu yake. Jiwe, tone la mvua, hata Theuri siku atakayoteleza. Mwili ulinisisimka. Nikamwomba Kagure msamaha. Kimoyomoyo.

Ijumaa, 4 Juni
Mkaguzi kauliza: je, jiwe kubwa lingefika mapema zaidi? Nikacheka. Bila shaka! Theuri, mlangoni, akatabasamu mpaka masikioni. Ndipo Kagure akasimama.
"Bwana Mkaguzi, Mwalimu hukosea makusudi, aone kama tumeelewa."
Akapanda juu ya dawati, akaachia jiwe na kokoto kwa pamoja. Mlio mmoja! Mmoja! Nikamsahau mkaguzi. Nikamsihi Kagure arudie. Akarudia mara tano, na kila mara nywele zilinisimama. Mkaguzi kaandika kwamba nafundisha kwa njia za kisasa.

Jumatatu, 7 Juni
Mwalimu wa Kemia naye anaondoka! Theuri alikuwa bado anafungua mdomo, mimi nimeshakubali. Ni maji ya rangi tu kwenye chupa. Nimeuliza jambo moja tu, kama Kagure anasoma Kemia.
Anasoma.