Kiganja Kwenye Boneti

Wakoli alipoambiwa na mchumba wake, Nabwire, kwamba kuna mama huko Kimumu anauza gari, Pijo ya marehemu mumewe, alimshukuru Mungu, na hiyo haikuwa tabia yake. Babake Nabwire alikuwa amesema wazi kwamba hamwozi binti kwa mwanamume anayekuja kwa miguu. Wakoli, kwa ulimi ule ule wa broka wa magari uliomlisha Eldoret miaka tisa bila ajira, alikuwa amejibu, "Mzee, gari ninalo." Ukweli ni kwamba alikuwa na ufunguo. Kilichobaki kilikuwa gari lenyewe, na wakwe walikuwa wakimngoja Jumapili.

Jumatatu asubuhi akafika Kimumu na suti, faili tupu na chombo chake cha kazi. Chombo chenyewe kilikuwa kipande cheusi cha mviringo: upande mmoja sumaku ya spika, upande wa pili mbao iliyopakwa rangi. Mama Nekoye alikuwa ameketi kando ya Pijo akichambua maharagwe.

"Mimi ni Enjinia Wakoli, Mama. Kabla tuongee bei, wacha tupime mgonjwa."

Akaokota msumari kwa upande wa sumaku. Tap! Kisha akakigeuza kwa ustadi na kubandika ile mbao kwenye boneti. Kikaanguka. Akajaribu mlangoni, kikaanguka tena. Wakoli akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo hakuitumia hata kwenye mazishi ya babu yake.

"Pole, Mama. Hapa hakuna chuma. Ni fila tupu, ule udongo wa kuzibia mabonde ya ajali. Lakini kwa vile nakuonea huruma, nitaichukua kwa bei ya chuma chakavu."

"Bei ya chuma, na umesema hakuna chuma?"

"Hiyo ni lugha ya kiufundi, Mama."

Mama Nekoye akaweka ungo chini. "Marehemu aliniapia hii gari haijawahi kugonga hata kuku. Sitalala nikifikiria alinidanganya. Enjinia, kwangua rangi nione hiyo fila na macho yangu. Ukiipata, beba gari bure."

Bure! Neno hilo limewamaliza watu werevu kuliko Wakoli, na hao si wachache. Akapiga hesabu yake: atakwangua kidogo, mama ataingia ndani kupika, naye atapachika fila yake mwenyewe. Akavua koti.

Shida ni kwamba Mama Nekoye hakuingia ndani. Alikuwa na maharagwe gunia zima. Boneti ikakwanguliwa, chuma kikatokea. "Fila itakuwa kwa mlango," Wakoli akasema. Mlango nao ukatoa chuma. "Basi iko huku nyuma." Kufikia siku ya pili alikuwa amemaliza msasa alionunua kwa pesa zake mwenyewe. Siku ya tatu kucha zilikuwa zimelika, na Pijo ilikuwa uchi kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Kukiri kwamba hakuna fila kungekuwa kukiri kwamba sumaku ni mbao, kwa hiyo akaendelea kukwangua.

"Pale kwa kona kuna kutu," Mama akasema. "Toa, labda fila imejificha chini yake."

Akatoa.

"Sasa pangusa na thina, mafuta yote yaishe. Na uvae glavu. Mkono mtupu ukigusa chuma safi, jasho linabaki, kesho kutwa kutu inatokea chini ya rangi."

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza mama wa maharagwe aliyajulia wapi mambo haya. Wakoli akavaa glavu.

Saa nane mchana mwanamke mwenye ovaroli akaingia akisukuma kompresa.

"Huyu ni jirani yangu Nabalayo," Mama Nekoye akasema. "Hupiga magari rangi."

Nabalayo akazunguka Pijo mara moja. "Eh! Huyu ni msafi kuliko yule wa mwaka jana."

"Yupi wa mwaka jana?" Wakoli akauliza.

"Alikuja na sumaku kama yako," Mama Nekoye akasema, akikichukua kile kipande kutoka juu ya faili. "Alinikwangulia trela. Fundi ni ghali, mwanangu. Broka anakwangua bure." Akakigeuza na kukiweka kwenye boneti. Tap! Kikang'ang'ania.

Wakoli aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Wanawake hao walipoingia stoo kuchanganya praima, ile rangi ya kwanza, akavua glavu. Alikuwa ametoka kula chapati, na mafuta yalikuwa bado mkononi. Akaukandamiza mkono wa kulia katikati ya boneti, kwa moyo wake wote. Mkono huo una vidole vinne. Cha tano kilibanwa na mlango wa lori huko Moiben, ingawa yeye husema alikipoteza akipambana na majambazi.

"Kutu njema," akanong'ona, akaenda zake.

Jumapili alishuka kwa wakwe kwa bodaboda, ufunguo mkononi, na hadithi tayari kuhusu gari lililoharibikia njiani. Hadithi ikamkauka mdomoni. Uani kulikuwa na Pijo ya buluu inayong'aa, na kando yake Mama Nekoye.

"Huyu ni senge, dada ya baba," Nabwire akasema. "Ndiye aliniambia nikutajie ile gari."

Mama Nekoye akamgeukia kaka yake. "Kijana ni mwongo, sitakuficha. Lakini siku tatu hakulegea, na kazi yake ni safi. Gari la zawadi ya Nabwire amelitengeneza mwenyewe. Mpe msichana." Kisha akamwekea Wakoli ufunguo mkononi. "Ni lenu, mkwe. Huo mwingine tupa."

Vigelegele vikapigwa. Wakoli alifurahi kweli, karibu alie. Kisha akaitazama boneti, laini kabisa, na furaha ikaingia baridi.

Harusi ikapita, na mvua za Julai zikanyesha. Asubuhi moja rangi ikavimba katikati ya boneti: kiganja, kidole kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, basi. Tangu siku hiyo kila mteja aliitazama boneti, akautazama mkono wa Enjinia, akaaga kwa heshima.

Akaenda kulalamika Kimumu. "Mama, praima yenu ilikuwa mbaya."

"Praima ilikuwa nzuri," Mama Nekoye akasema, akiendelea na maharagwe yake. "Tulikuona kupitia dirisha la stoo. Nabalayo alitaka kupangusa alama ya mkono wako, nikamwambia aache. Mwenye gari ashaamua."