Jemedari Aliyefufuka Sidii ya Tatu

Jumamosi, 1 Novemba 2003. Ramadhani.
Tangu alasiri chumba ninachokodi kimejaa. Nusu ya Sokomuhogo inapitishia saumu kwenye gemu langu, wazee pia. Mchezo ni wa Kijapani, wa sidii kadhaa. Sijui Kijapani. Hakuna anayejua, alhamdulillahi! Maandishi yakipita nnakunja uso, nnasubiri kidogo, nnatafsiri. Wenzangu wa umri huu weshakuwa makadhi.
Leo Jemedari Ndevu Nyekundu kaporomoka jabalini. Nikatangaza kafa. Bi Asila, mwenye nyumba, akatoa machozi ya kweli na Fatiha juu yake. Chumba kizima wakaitikia amina. Sijapata kutafsiri vizuri namna ile!
Mlangoni Jamil, fundi kanzu wa mkabala, anapima kuta kwa macho. Anakitaka chumba aweke cherehani ya pili. Bi Asila kasema ataamua kabla ya Idi. Hadithi ikimchosha, nnahama.

Jumatatu, 3 Novemba.
Balaa! Sidii ya tatu, Jemedari huyo kaingia, mzima, anatafuna tufaha. Bi Asila akauliza Fatiha yake imekwenda wapi. "Ghanim, mtu nimemlilia na saumu yangu!"
Nikausikia mdomo wangu ukisema kilichokufa ni kivuli. Nchi ile ina uchawi wa vivuli: mtu hukituma kivuli chake kikafe badala yake. Uchawi wa kale, nilisahau kuutaja tu. Akataka kujua kwa nini mfalme, aliyekufa sidii ya kwanza, hakutuma chake. Swali gani hilo! Nikasema uchawi ni wa wenye ndevu nyekundu peke yao. Akatulia. Nikajiona mtu mkubwa.

Jumatano, 5 Novemba.
Kwenye gemu, mwenye nyumba ya wageni kafa. Kafa kweli, kaburi tumeliona. Ndevu nyekundu kama moto. Jamil akacheka mpaka akashika mlango. Nikasema za yule ni za hina.
Wote wakageuka kumtazama Mzee Pandu, ambaye zake ni za hina pia. Akasema wallahi ni kweli, yeye hajaona faida yoyote. Bi Asila akapitisha: hina haihesabiwi.

Alhamisi, 6 Novemba.
Jamil anatabasamu. Si kawaida yake, akifunga huwa pilipili. Shemeji yake kamletea kutoka Maskati gemu lilelile, la Kiingereza. Kiingereza anakijua, alifanya kazi hoteli. Kamwahidi Bi Asila kuwa Jumamosi atatusomea mwisho wa kweli, neno kwa neno.
Nikapanga kuugua. Kisha nikaona bora nichomoe fyuzi. Nikaijaribu leo: nyumba nzima giza, pamoja na friji ya Bi Asila na juisi zake za futari. Nimeirudisha mwenyewe, na samahani nyingi.

Jumamosi, 8 Novemba.
Ushindi! Jamil kasoma kwa sauti ya hotuba. Akafika kwa Jemedari: jabalini aliokolewa na jini wa upepo wa nne, akapewa roho ya akiba. Bi Asila akauliza jini huyo tulimwona lini. Hatujamwona, katajwa leo. Na upepo wa nne? Leo. Na roho za akiba? Jamil akatokwa jasho ninalolijua mimi. Leo vilevile.
"Jamil, mwanangu, uongo una adabu zake. Mwenzio vivuli katwambia tangu Jumatatu!"
Mzee Pandu akaongeza kuwa hata hina ilifikiriwa. Jamil akaapa ndivyo ilivyoandikwa. Wakamwambia amwogope Mungu, kafunga. Mimi nilinyamaza, kwa huruma. Na kwa raha. Chumba changu!

Jumapili, 9 Novemba.
Nimetubu. Leo tumeanza gemu jipya, la Kijapani pia, na nimeapa kusema kinachoonekana tu. Mwanzo kabisa kikongwe mmoja kalala, macho kafumba. Kinachoonekana hicho: kafa. Bi Asila keshamsomea Fatiha.
Nimerudi nyumbani, nimeligeuza ganda la sidii. Kikongwe yule yupo pichani mbele ya wote, kashika upanga.
Hamna neno. Katika nchi ile vikongwe wote huzaliwa pacha. Kesho nitawakumbusha.