Mla Majani wa Chumba cha Ngozi

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Fundi mkuu wa chumba cha ngozi anastaafu mwisho wa wiki. Kiti chake, kile chenye mto, kinabaki wazi. Wa kukikalia ni mimi. Miaka kumi na moja nakata ngozi za viatu katika kiwanda hiki na vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo. Mpinzani ni mmoja tu, Msumari. Tunamwita hivyo kwa wembamba wake na kichwa chake bapa. Miaka minane kazini, vidole tisa na nusu.

Mchana nikachungulia dirisha la ofisi. Bosi wetu mpya, mama wa miwani na maneno machache, alikuwa anakula. Wali, maharage, ndizi mbivu. Nyama hakuna! Mfagizi ananiapia kwamba tangu mama huyu afike hajaona hata mfupa mmoja kwenye pipa la ofisi. Nimeshaelewa. Bosi hali nyama. Bosi atampenda asiyekula nyama.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtangazia mke wangu: nyama basi. Akauliza naumwa wapi. Nikamwambia huu ni msimamo. Akataka kujua msimamo wenyewe umeingia kabla au baada ya yale mapaja mawili ya kuku ya jana. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili mwaka juzi, akasema mwacheni baba wa watu na imani yake, sehemu yake haitaoza. Kweli haikuoza. Nilimtazama akiimaliza.

Kazini nikapita mbele ya ofisi nikitafuna karoti kwa sauti. Bosi akashika shavu, akafunga mlango. Ameguswa!

Jumatano, 5 Machi

Fitina! Kantini nimesogeza nyama pembeni ya sahani, nikaguna ili wasikie. Mpishi akaniuliza kama nimegombana na ng'ombe. Halafu Msumari, kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema ananielewa, hata yeye hajala nyama tangu utotoni. Mayai na maziwa tu. Tangu utotoni! Mtu kaanza kunichimba hata meno hajaota.

Nimefika nyumbani nimevimba. Mke wangu, ambaye hakuna gazeti la kufungia vitunguu analoliacha lipite bila kulisoma, akasema mbona hilo limeandikwa hapa. Wasiokula nyama wako wa aina mbili. Wa kwanza wanaacha nyama, lakini yai, maziwa na asali wanatumia. Huyo ni Msumari. Wa pili wanaitwa vegani. Hao hawataki chochote kilichotoka kwa mnyama. Nikauliza ipi ngumu zaidi. Akasema ya pili. Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Akasema kuna aya moja bado. Nikamwambia inatosha, nimeshaiva.

Alhamisi, 6 Machi

Chai bila maziwa. Nimeitazama, ikanitazama.

Saa saba nikapanda juu ya benchi la kantini. Nikawaambia wenzangu kuwa kuna watu nusunusu, wanamwacha kuku na kula mayai yake, halafu kuna sisi. Chochote kilichotoka kwa mnyama, mimi sigusi! Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Akavua miwani. Akauliza, hata kidogo? Nikajibu, hata kwa ncha ya kidole, mama. Akatoa kidaftari akaandika.

Ameandika! Kwa Msumari hakuandika kitu. Msumari alikuwa anamenya yai lake kama vile hayupo.

Ijumaa, 7 Machi

Njaa. Nimekata soli za kushoto sita mfululizo. Ngozi mpya zimeingia leo, na zilinukia nyama choma.

Sasa naandika jambo ambalo mke wangu asilisome. Nilinunua yai la kuchemsha. Moja tu! Nikalificha ndani ya kiatu cha sampuli, namba arobaini na nne, rafu ya juu. Saa nne Bosi akaja kukagua sampuli. Kuna viatu thelathini pale. Akachukua hicho. Akatumbukiza mkono.

Akauliza ni la nani. Nikasema mimi hata kulitazama naona vibaya. Msumari akanitazama mimi, akalitazama yai, akasema samahani mama, ni langu, nimejisahau. Bosi akasema afadhali mtu anayesema anachokula. Msumari akalimenya palepale mbele yangu, taratibu, kama anavua soksi. Akauliza nani ana chumvi.

Chumvi nilikuwa nayo mimi. Nikampa.

Sijui kama kaniokoa au kanila.

Jumatatu, 10 Machi

Nimevaa shati la harusi. Viatu nimeving'arisha mpaka nikajiona ndani yake. Bosi akatuita wote.

Akaanza na mimi! Akasema wikiendi nzima alikuwa ananifikiria. Miaka kumi na moja kiwanda kimemshikisha ngozi za ng'ombe mtu wa msimamo wangu, bila hata kumuuliza. Ameona aibu. Kuanzia leo sitagusa tena ngozi. Nahamia chumba cha maboksi. Amehakikisha mwenyewe kuwa gundi ya huko ni ya unga wa mahindi.

Fundi mkuu wa ngozi ni Msumari.

Nikasema lakini mama, ngozi si chakula. Akafungua kidaftari akanisomea maneno yangu mwenyewe, pamoja na ile ncha ya kidole. Halafu akashusha macho miguuni kwangu. Kwa upole akaniuliza kama naweza kutembea hivyo mpaka nyumbani.

Nimerudi na ndala. Mke wangu alilileta lile gazeti la vitunguu akaniwekea kidole kwenye aya ya mwisho. Ngozi, mkanda, viatu. Yote yamo.

Jumanne, 11 Machi

Maboksi mia mbili na kumi. Msumari amepita kunisalimia. Ameniletea yai, na chumvi yake. Mshenzi. Nimelila.

Baadaye mfagizi kaja mbio. Bosi leo kala paja zima la kuku na mfupa kauvunja! Kumbe aling'olewa jino, daktari alimkataza nyama mpaka ufizi upone. Ndiyo maana karoti yangu ilimfanya ashike shavu. Yaani ilikuwa ni jino tu!

Sasa nimemwelewa vizuri. Mkuu wa maboksi naye anastaafu mwezi wa sita, na Bosi lazima atamhurumia mtu mwenye pengo kama lake. Nimeshaongea na daktari wa meno, kesho saa tatu. Aliniuliza ni lipi linaloniuma. Nikamwambia hakuna, ila anitolee la mbele, lionekane.