Kukutana kwa Bahati Tu Mjini Vienna

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeshindwa kura. Watatu kwa watano, kwa kunyoosha mikono, mbele ya mwenye baa. Norbert Kemper, mwenyekiti wa klabu yetu ya vigingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira na kuviangusha, anataka safari ya mwaka huu iwe Amsterdam. Mifereji, mashua, chapati za mayai. Mimi nikasema Vienna. Nilisema kwa sauti nzito, ya mtu aliyefikiri. Norbert akaniuliza tangu lini fundi mapaa mstaafu akapenda majumba ya wafalme. Nikasema napenda historia. Wakacheka mpaka bia zikamwagika.

Sababu yenyewe hawaijui na hawataijua. Judith yuko Vienna. Binti yangu wa pekee. Ana mgahawa wake mdogo huko, nyuma ya soko. Klabuni wanajua tu kwamba yuko ng'ambo. Hatujasemezana tangu nilipouza kodiani la marehemu mama yake, mwaka wa tatu sasa. Lilikuwa likikusanya vumbi! Yeye akaniambia mbele ya mnunuzi kwamba sina moyo, akaondoka kwa kubamiza mlango. Basi aanze yeye kupiga simu. Huo ndio msimamo wangu.

Lakini namkumbuka mno. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Mpango ni huu. Klabu nzima inaingia kwake kula chakula cha jioni. Mimi naingia wa mwisho. Ananiona. Nashtuka: kumbe ni kwako hapa! Hakuna aliyemtafuta mwenzake, hakuna wa kuomba radhi. Safi kabisa.

Jumamosi, 7 Septemba

Kampeni. Nimeanza na Theo, mwoka mikate mstaafu, rafiki yangu tangu shule. Nimemweleza nyama ya ndama ya Vienna, iliyopondwa ikawa nyembamba, ikavikwa chenga za mkate, ikakaangwa mpaka ikazidi ukubwa wa sahani. Theo akaniuliza inazidi kwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema Amsterdam kwani kuna nini, maji tu.

Jioni nimemtembelea mwenzetu mwenye nyonga ya chuma. Nimemwambia habari za baiskeli za Amsterdam na jinsi zisivyomhurumia mtembea kwa miguu. Nilimwacha amekunja uso.

Alhamisi, 12 Septemba

Ushindi! Nilisimama nikasema kura ya wiki iliyopita ni batili, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwamo kwenye ajenda. Katika klabu ya Kijerumani hakuna anayethubutu kujibu hoja kama hiyo. Kura ikarudiwa. Watano kwa watatu, Vienna. Norbert alibadilika rangi.

Furaha haikudumu. Kwa kanuni zetu ratiba huandikwa na mwenyekiti. Norbert akatangaza papo hapo: Ijumaa kasri, Jumamosi kanisa kuu na gurudumu kubwa la bembea, na chakula cha jioni katika ukumbi wa chini ya ardhi wenye wapiga fidla. Ukumbi wa watalii wa mabasi! Tayari ameshaagiza meza. Mtu huyu ni wa hatari.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepiga simu kwenye ule ukumbi nikajifanya Norbert. Huongea kwa pua, si kazi kumwiga. Nimefuta oda ya meza. Mama aliyepokea alisikitika sana, akaniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo. Akanitakia afya njema. Niliona haya kidogo, kisha nikala chakula cha mchana.

Alhamisi, 19 Septemba

Norbert huthibitisha kila kitu mara mbili, na leo amegundua kwamba meza haipo na ukumbi umejaa. Aliwaita wezi watu wote wa Vienna. Nikangoja kelele zitulie. Kisha nikasema kwa upole kwamba Theo amesikia habari za mgahawa fulani nyuma ya soko. Theo hakuwa amesikia lolote. Nikampiga teke chini ya meza, akasikia.

Nikamwachia Theo apige simu, maana sauti yangu ingejulikana. Aliagiza kwa jina la Kemper, klabu ya vigingi, na mji wetu, Coesfeld. Alipokea kijana. Kijana akasema ajabu hiyo, mwenye mgahawa naye ni mtu wa Coesfeld. Theo akageuka akatuambia dunia ni ndogo jamani. Mimi nikapaliwa na bia.

Jumapili, 22 Septemba

Dada yangu Hedwig amekuja na keki ya plamu, kama kila Jumapili. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa na huongea na Judith kila wiki. Hapo ndipo hatari ilipo! Akijua nasafiri, Judith atajua, na bahati haitakuwa bahati tena. Nikamwambia siendi. Goti.

Sikutarajia huruma nyingi hivyo. Alinikalisha, akakunja suruali yangu, akanipaka maziwa mgando ya baridi gotini, dawa yake ya uvimbe, na kulifunga kwa taulo. Nimekaa hivyo jioni nzima na goti zima la mtu mzima. Hedwig akasema Judith ananiulizia kila wiki. Namba yake iko kwenye mlango wa friji, alisema, si uinue simu tu. Nikasema goti linauma. Akasema, “Simu haipigwi kwa goti, mdogo wangu.”

Baada ya kuondoka niliisoma ile namba. Niliisoma mara kadhaa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Vienna! Nilitoka kwa mlango wa nyuma alfajiri, kola juu, nikaungana na wenzangu kwenye stesheni ya Münster. Hedwig nilimwambia nitalala siku zote tatu na asije kunisumbua.

Norbert anatuongoza akiwa ameinua mwavuli mwekundu. Kasri lina vyumba vingi na vyote ni vya dhahabu. Kama fundi nimeliangalia paa. Limeezekwa vizuri. Kahawa huletwa na glasi ya maji, na mhudumu hukutazama kama vile umekuja kumdai. Soseji tulizila wima barabarani, Theo akasema hata huku ni kula.

Hotelini nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kumbe ni kwako hapa! Theo akauliza kutoka kitandani naongea na nani. Nikasema nasali.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sijui niandikeje.

Tulifika saa moja jioni. Niliwaacha wote waingie, nikabaki nje nikichungulia dirishani. Mgahawa safi, meza za mbao, vitambaa vyeupe. Ukutani, juu ya kaunta, picha ya marehemu mke wangu Mechthild amepakata kodiani, anacheka. Miguu ilikataa kuingia. Norbert akatoka akanivuta mkono, akaniuliza kama nangoja nialikwe na mfalme.

Judith hakutokea. Alihudumia yule kijana. Nilijizuia mpaka supu ikaisha, kisha nikauliza, kama mtu asiyejali, mwenye mgahawa yuko wapi leo.

Kijana akasema amekwenda Ujerumani kwa baba yake. Alipoona oda ya Coesfeld alifurahi, akampigia shangazi yake kuuliza kama mzee naye yumo. Shangazi akasema hapana, maskini, goti limemlaza na wenzake wote wanasafiri. Basi bosi akasema hapo kuna nafasi yangu, nitamkuta yuko peke yake, hana pa kukimbilia. Akapanda treni jana asubuhi. “Tangu nianze kazi hapa,” kijana akasema, “hajawahi kuacha mgahawa Jumamosi.”

Wenzangu wakageuka. Wote walikuwa wananitazama goti.

Theo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akanisogezea simu yake kando ya sahani. “Mpigie,” akasema. “Mpigie sasa hivi, mzee.” Nikasema humu mna kelele. Hapakuwa na kelele. Hata Norbert alikuwa ameweka uma chini.

Nyama ilizidi sahani pande zote mbili. Sikuigusa. Nilimpa Theo, akala nusu tu, naye sijapata kumwona akiacha chakula.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tulirudi jana usiku. Nilimkuta Hedwig jikoni kwangu, koti hajavua. Amezeeka kwa siku tatu. Ameniambia yote bila kupumua. Judith alibonyeza kengele Ijumaa jioni na sufuria ya supu ya dengu mkononi, ile ya mama yake, yenye siki. Hakuna jibu. Hedwig akafungua kwa ufunguo wake. Kitanda kimetandikwa, mtu hayupo. Jumamosi Judith alikaa kwenye ngazi za mlangoni kutwa. Jioni akasema basi, shangazi, nimeelewa. Baba, alisema, ameniona dirishani akatoroka kwa mlango wa nyuma. Hataki kuniona. Akaondoka Jumapili asubuhi.

Hedwig aliuliza nilikuwa wapi. Ukweli ulinifika mpaka kwenye ulimi. Nikasema hospitali. Münster. Goti lilizidi ghafla.

Hedwig alilia, akanikumbatia, akakimbilia simu kumweleza Judith kwamba baba hakumkimbia. Nilisikia kupitia ukuta. Kisha akaja akasema Judith naye amelia, na ameniomba nipige simu, hata kama sina la kusema. Hata nikinyamaza tu, yeye atajua ni mimi.

Nilikula ile supu baridi, nikiwa nimesimama. Nililia, sioni haya. Kisha nikainua simu nikabonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Lakini angeniuliza habari za hospitali! Daktari nani, wodi gani. Ningebabaika. Mambo haya hayafai kwa simu. Yanataka uso kwa uso, tena kwa bahati, mtu asijiandae.

Kosa la safari iliyopita nimeliona: watu wengi mno. Nimekata tiketi ya Vienna ya Ijumaa hii, mimi peke yangu. Leo asubuhi nimemwambia Hedwig kwamba hospitali imeniita tena, nitalazwa tangu Ijumaa hadi Jumapili, huenda wakapasua. Alishika kifua. Nimemwapisha asimwambie Judith hata neno moja, akaapa, akasema lazima arudi nyumbani mara moja, kuna simu yake ya kila wiki anaingoja.

Nitachukua meza ya dirishani. Akitokea jikoni, nitashtuka.